Kutoka ukuta wa ndani hadi Fischer's Tower: tununue kamba gani?

mpanda_kuta

Wadau hamjambo. Mimi na mwenzangu tunapanda kuta za ndani hapa Nairobi, na sasa tunautaka mwamba wenyewe. Tunafikiria kuanzia Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba kule Hell's Gate, Naivasha, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tuna viatu, hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani) mbili, helmeti moja, vifaa viwili vya kushikia kamba na karabina (pete za chuma zenye mlango) nne. Kamba ndiyo hatuna. Gikomba kuna kamba ya kupandia ya mtumba, mita 40, kwa macho haina kasoro. Barabara ya Kirinyaga kuna nailoni ya mm 12 ambayo muuzaji anaapa inavuta Canter. Tuchukue ipi? Na kuna lipi jingine la huko nje ambalo ukutani halifundishwi?

Pimbi wa Lukenya

Usichukue hata moja.

Tuanze na ya kuvuta Canter. Gari huikaza kamba polepole, lakini mtu akianguka huishtua. Kamba ya kupandia husukwa ili inyumbuke na kuumeza mshtuko huo: EN 892, kiwango cha Ulaya cha kamba za kupandia, kinataka nguvu ya mwanguko wa kwanza isizidi kN (kilonewtoni) 12, na kunyumbuka kusipite asilimia 40. Kamba isiyonyumbuka haimezi kitu, kishindo chote kinaishia kwenye nyonga zako na kwenye boliti zilizopigiliwa mwambani. Tena mm 12 ni nene mno kwa vifaa vingi vya kushikia, itakwamakwama wakati unahitaji iteleze.

Ile ya Gikomba, macho hayatakusaidia. Asidi ya betri huila nailoni hata pasipoonekana alama, na hakuna wa kukuambia kamba hiyo ilikaa kwenye buti ya gari gani. Viatu vya mtumba nunua bila wasiwasi. Kamba, hanesi na tepe (mikanda ya kufungia), kamwe.

Halafu piga hesabu. Mnara una kimo cha mita 25 hivi. Anayeongoza akifika juu ashushwe, kamba inahitaji kwenda na kurudi: mita 50, bado fundo na umbali wa aliyesimama chini. Ukiwa na mita 40 utapanda vizuri hadi juu bila kugundua lolote. Wakati wa kushushwa ndipo ncha itapita kwenye kifaa na kuchomoka, wewe ukiwa bado karibu mita 10 hewani. Nunua mita 60, unene wa mm 9.8 hadi 10.2, na kwenye ncha utafute lebo yenye namba 1 ndani ya duara, maana yake kamba hiyo hutumika ikiwa moja peke yake. Hata hiyo, funga fundo la kuzuia kwenye ncha ya chini kila mara.

kN_22

Naongeza juu ya helmeti. Moja haitoshi, na mkiwa na moja tu basi avae anayeshika kamba. Mwamba wa Hell's Gate ni wa volkeno, umepasukapasuka kama matofali yasiyo na saruji, na vipande hutoka mkononi. Kabla ya kuvuta jiwe, ligonge kwa kiganja. Likilia kwa sauti ya uwazi ndani, liache. Anayeshika kamba asisimame chini ya mpandaji, akae pembeni hatua mbili tatu, ila asirudi nyuma sana kutoka ukutani, la sivyo mwenzake akianguka atavutwa na kubamizwa kwenye mwamba.

mpanda_kuta

Asanteni, nimeelewa kuhusu kamba. Sasa huko juu: picha zinaonyesha tepe kuukuu zimefungwa kileleni. Tukifika tupitishe kamba kwenye hizo tushuke, au tufanyeje?

kN_22

Hapo ndipo watu huumia. Kamba inayotembea juu ya utepe uliotulia hukata kwa joto la msuguano. Dyneema, aina ya uzi wa kutengenezea tepe, huyeyuka karibu na nyuzi 145 za Selsiasi, nailoni zaidi ya 200, na uzito wa mtu mmoja anayeshushwa unatosha. Kamba ipite kwenye chuma pekee: karabina au pete. Tepe za zamani zimechomwa na jua la Naivasha miaka hujui mingapi. Rangi ikipauka na utepe ukawa mgumu kama kadibodi, chukulia haupo.

Jengeni nanga yenu, yaani mahali pa kufungia kamba, kwa boliti mbili au zaidi. Ivute kila boliti kwa mkono na uangalie nati: ikizunguka au kibati kikicheza, tafuta nyingine. Boliti ikiwa na kutu juujuu si hoja sana, ikiwa imelegea ni hoja. Kutoka kwenye boliti mbili leta tepe mbili zikutane mahali pamoja, pembe kati yake isizidi nyuzi 60. Kwa nyuzi 60 kila boliti inabeba asilimia 58 ya mzigo. Kwa 120 kila moja inabeba mzigo wote mzima, yaani mbili zenu hazijasaidiana. Na mkiweka kamba ya juu (iliyopitishwa nangani kabla mpandaji hajaanza), kumbukeni nanga inabeba mpandaji pamoja na mvuto wa anayemshika, karibu mara mbili ya uzito wa mtu. Pale chini ya tepe weka karabina mbili za kufunga kwa skrubu, midomo ikitazamana kinyume. Karabina hubeba kN 20 au zaidi kwa urefu wake, lakini ikivutwa kwa upana wake ni kN 7 tu, kwa hiyo itazame ilivyokaa baada ya kuiwekea uzito.

Njugu Mawe

Kama mtajishusha wenyewe kwa kamba badala ya kushushwa: katikati ya kamba iwe kwenye nanga (nunua iliyotiwa alama katikati), mafundo kwenye ncha zote mbili, na uzi wa mm 6 uzungushwe mara tatu kwenye kamba chini ya kifaa kwa fundo la prusik, uunganishwe na hanesi. Mkono ukiteleza, huo unakushika. Kabla ya kujitoa kwenye nanga, weka uzito wote kwenye kamba ukiwa bado umefungwa. Ukiona kila kitu kimekaa, ndipo ujitoe.

Na kubalianeni maneno mkiwa chini. Upepo wa kule ukivuma, "nishike" na "nishushe" kwa mita 25 ni neno lilelile. Tumieni "kaza" na "teremsha", mkitanguliza jina, maana wikendi kuna vikundi vingine vinavyopiga kelele pembeni. Jiwe likitoka, "jiwe!" kwa sauti yote, na aliye chini asitazame juu.

Pimbi wa Lukenya

Ushauri wangu: Jumamosi hiyo nendeni Lukenya kwanza. Iko ukipita Athi River kwenye barabara ya Mombasa, mwamba wake ni wa gnaisi, mgumu, unaoshika viatu, na njia nyingi ni fupi. Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa 1949, huwa na matembezi ya huko, na kujifunza nanga ukiwa na mtu wa kuikagua ni bora kuliko kusoma hapa. Hell's Gate iwe safari ya pili, na ibaki mnara tu. Main Wall, ukuta mkuu wa mwamba wa huko, ni ndefu mno kwa kamba ya mita 60, lazima ipandwe kwa vipande na nanga kati yake.

Mkienda: lango la Elsa, ada hulipwa kwa eCitizen, si taslimu. Fikeni mapema, kwani mwamba ukishapigwa na jua la saa sita vidole hutoa jasho na raba ya viatu hulegea. Nyani wataiba chakula hata kwenye begi lililofungwa. Nyuki ni shida kubwa zaidi, huko na Lukenya pia. Ukiwaona wakitoka kwenye ufa, usipite juu yake, msipige kelele, msiwapigepige. Aliye juu ashushwe haraka bila kusimama, mkimbie wote, kamba iachwe ikining'inia hadi jioni.