Basi langu si banda la kuku, na yule bwana wa stika anajijua!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Jina simtaji, hakuna haja. Kila aliyegeuza basi kuwa nyumba anamjua: yule wa "niachie mimi", anayeongea na simu mbili kwa mpigo huku hita yake ya kulainishia stika kaibana kwapani.

Nilimkabidhi basi zima la mita 12, kuanzia taa za mbele mpaka bampa ya nyuma. Nikamuuliza vizuri tu: nipige rangi au nibandike stika? Akacheka. Akasema rangi ni ya watu wa zamani, vinili, yaani plastiki ya stika, inaficha kila kitu: kutu, mikwaruzo, vishimo, hata dhambi za mwenye basi.

Leo ubavu wote wa kushoto umebanduka. Stika imeondoka na rangi ya zamani, rangi imeondoka na prima, ile rangi ya kwanza ya chini, bati liko uchi na kutu inanichekea. Kila riveti, ile misumari inayobana bati, imejijengea kihema chake. Ukisimama pembeni utadhani kuna kambi ya wakimbizi ya sisimizi. Nimempelekea aone kazi yake. Mbele ya vijana wake, mbele ya wateja, mbele ya MKE WANGU, ananijibu: "Hili si basi, ni banda la kuku lenye matairi. Banda la kuku halishiki stika."

BANDA LA KUKU!

Mle ndani kuna kitanda, jiko, sinki inayotoa maji na taa za sola. Kuku gani analala kwenye godoro? Hela yangu alipoipokea haikunuka kinyesi cha kuku. Siku ya kupima alilisifia basi mpaka nikaona haya, leo ni banda. Na mke wangu amesimama hapo hapo anasikia!

Semeni wenyewe, huyu mtu anafaa kuachwa na hita mkononi?

MsasaMkavu: Pole sana mkuu. Kabla hatujaendelea, kuku wangapi?

TairiSita: Ni yeye! Mtindo ule ule! Kwangu alipitisha stika juu ya silikoni ya madirisha na juu ya mipira ya milango. Vinili haishiki silikoni wala mpira, lakini nilipomwambia akanijibu "itazoea". Wiki haikuisha, kingo zote zimejikunja.

Mleta uzi: Wewe umeambiwa itazoea. Mimi nimeambiwa banda la kuku. Tusichanganye mambo.

BodiNgumu: Nimeona picha zako. Hiyo si vinili ya aina ya kasti. Kasti ni nyembamba, mikroni 50 hivi, inalainika kwa joto na kukaa juu ya riveti na mabonde ya bodi. Yeye kakubandikia ile ya kukandamizwa kwa rola, nene, ya mikroni 75 mpaka 100. Hiyo ni ya kuta bapa. Ukiivuta kwa hita inatii kwa muda, kisha inajirudi ilivyokuwa. Ndiyo hivyo vihema.

Halafu stika inashika kile kilicho juu kabisa. Juu kukiwa na rangi inayomeguka, imeshika maganda. Bati lilitakiwa lipigwe msasa mpaka kutu iishe, puti ya kuziba vishimo panapohitaji, prima ya epoksi, rangi, kisha lisubiri rangi imalize kutoa thina, na rangi iliyokauka kwa hewa tu inaweza kuchukua wiki kadhaa. Sasa mtu akishafanya yote hayo, basi lina rangi tayari! Stika ya nini tena, kama si kwa michoro? Na paani hata kasti nzuri inazeeka mapema kuliko ubavuni, kwa sababu jua linaipiga wima. Paa lipake nyeupe, hata joto ndani litapungua.

Mleta uzi: Asante kwa elimu. Lakini mbele ya mke wangu, BodiNgumu! Hata kama stika ni ya rola, mdomo nao ni wa rola?

MsasaMkavu: Shemeji alisemaje? Au alikwenda kuokota mayai?

RolaNaNdoo: Mnaosifia rangi mmekutana na aliyenipulizia mimi? Hakuosha mafuta wala polishi ya zamani, akapuliza moja kwa moja. Basi zima likatoka macho ya samaki, vitundu kila mahali, unakwaruza unaanza upya. Na ile ni rangi ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ina kemikali ya aisosianeti, inaweza kumpa mtu pumu ya maisha. Kijana wake alikuwa kajifunga LESO puani! Leso! Nilipouliza barakoa ya kupitisha hewa safi, bosi akasema kijana ana mapafu mazuri. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi, si mambo ya kuku.

TairiSita: Leso? Huyo ni wa polisi kabisa.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Kaniambia banda la kuku.

DirishaLangu: Mimi kilio changu ni ile stika yenye matundu ya kwenye vioo. Niliambiwa nitaona nje na wa nje hawanioni. Kweli, mchana. Usiku nimewasha taa nabadilisha nguo, kumbe nimewaonyesha majirani wote sinema! Anayekuona ni yule aliye gizani, na hakuna aliyenitahadharisha.

RolaNaNdoo: Duh! Pazia zito, ndugu yangu. Stika hiyo ni ya matangazo ya biashara, si ya chumba cha kulala.

Mleta uzi: Banda la kuku, jamani. Mpaka sasa hajapiga simu kuomba radhi.

DirishaLangu: Pazia au zile paneli za foili na povu?

BodiNgumu: Paneli. Kata kwa kipimo cha kioo chenyewe, ibane kwa sumaku.

TairiSita: Na uzitoe kila asubuhi, vioo vikauke. Mimi niliziacha, maji yakatiririka kwenye godoro likaota ukungu. Aliyeniuzia akasema ni jasho langu. JASHO LANGU! Subirini, huyo nakwenda kumfungulia uzi wake sasa hivi.