Naomba ushauri: jiko, makabati na mpangilio wa vyumba kwa nyumba ya familia, Tabora

Mwanzisha uzi (Ipuli, Tabora)

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi na mume wangu tunajenga nyumba ya kuishi hapa Ipuli, na ujenzi umefika kwenye lenta. Tutakaa watu saba: sisi wawili, watoto wanne, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Zege la sakafu bado halijamwagwa, kwa hiyo nimeona niulize sasa, kabla ya mambo kukauka.

Jiko limeachiwa mita 3 kwa 3.6. Mlango wa kutoka chumba cha chakula uko mashariki, na wa kutokea uani uko magharibi, milango yote miwili ikiwa karibu na ukuta wa kusini. Dirisha liko kaskazini, kwenye ukuta mrefu. Mume wangu angependa tuweke meza ya katikati kama zile anazoziona kwenye picha, yaani kaunta inayosimama peke yake na viti vyake. Mimi ninawaza zaidi makabati. Kuna mtu ameniambia niagize Dar es Salaam ya MDF yaliyokwisha kukatwa, mwingine ananiambia itakuwa ajabu kukaa Tabora, kwenye mninga, halafu ninunue unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Wa tatu anasema nijenge kaunta ya zege na kuweka milango tu.

Kwa vyombo, tumepanga friji, jiko la gesi na mashine ya kufulia, lakini fedha haziruhusu kununua vyote mara moja. Pia naomba maoni kuhusu chumba cha mama. Kwenye ramani kipo mwisho wa korido, mbali na choo cha familia, na jambo hilo halinipi raha.

Mchora ramani (Tabora mjini)

Dada, hongera kwa hatua hiyo, na umefanya vyema kuuliza kabla ya sakafu. Nianze na meza ya katikati kwa sababu inaamua mengine yote. Ukipima tofali kwa tofali una mita 3, lakini plasta na vigae vya pande zote mbili vitakula sentimita tano au sita. Kaunta ya ukuta wa kaskazini inachukua sentimita 60. Ukiweka meza ya katikati yenye upana wa sentimita 80, kinachobaki ni sentimita 77 hivi kila upande, na upande mmoja ndio njia ya kutoka chumba cha chakula kwenda uani, ambako watoto watapita na ndoo wakati mtu anaepua sufuria ya moto. Njia ya jikoni anapofanya kazi mtu mmoja inahitaji angalau sentimita 90, na wakipika wawili ifike 120. Mwambie shemeji kwa upole kwamba jiko lake halina nafasi hiyo. Kama anataka mahali pa kukaa na kuzungumza na anayepika, ukuta unaotenganisha jiko na chumba cha chakula unaweza kutobolewa dirisha la kupitishia chakula, likawa na ubao wa kuegemea upande wa pili.

Mpangilio unaokufaa ni wa herufi L. Sinki likae chini ya dirisha, jiko la gesi likae kwenye mkono wa magharibi, na friji ikae mashariki, karibu na mlango wa chumba cha chakula, ili mtoto anayetaka maji ya baridi asiingie hadi kwenye moto. Kati ya friji, sinki na jiko, umbali wa mita 1.2 hadi 2.7 kwa kila hatua unatosha. Zaidi ya hapo mama anatembea bure siku nzima.

Kuhusu mama mkwe, usikubali mwisho wa korido. Badilishaneni na chumba cha watoto kilicho jirani na choo, mlango wake uwe na upana wa sentimita 90, na pasiwe na kizingiti wala ngazi kati ya kitanda chake na choo. Pia waambie mafundi wapige dawa ya mchwa kwenye kifusi kabla ya kumwaga zege la sakafu. Hapa Tabora hilo halisubiri makabati yafike.

Fundi seremala (Tabora)

Mama, mimi ninachonga mninga, lakini sitakuambia ujaze jiko zima mninga, kwa sababu si kila kipande cha kabati kinastahili gharama hiyo.

MDF ina sifa zake: imenyooka, inapokea rangi vizuri na haipindi kwa jua. Ugonjwa wake ni maji. Ubao ule umetengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi, na maji yakiingia kwenye ukingo usiozibwa unafura na haurudi tena. Mahali pa kwanza kuharibika ni chini ya sinki na kwenye miguu ya kabati, pale maji ya kudeki yanapofika kila siku. Kwa makabati ya juu, MDF haina tatizo lolote. Kwa ya chini, ninamuunga mkono aliyekushauri zege: jenga kuta fupi za tofali, mwaga slabu juu yake, weka kitako cha saruji cha sentimita 10 chini, paka plasta, weka vigae, kisha mimi nije na fremu na milango. Mchwa hana cha kula humo, na bomba likivuja unafuta.

Milango na sehemu za mbele za droo ndizo zifanywe za mninga, kwa sababu ndizo zinazoshikwa na kuonekana. Mninga hausinyai sana ukilinganisha na mbao nyingi, lakini lazima uwe mkavu. Kiangazi chetu cha Septemba na Oktoba kinakausha kila kitu, halafu mvua za Novemba zinarudisha unyevu. Mlango uliochongwa kwa mbao mbichi utapinda ndani ya msimu mmoja na bawaba zitalalamika. Unapochagua ubao, tazama rangi. Sehemu ya ndani ni ya kahawia inayoelekea wekundu, na hiyo mchwa na bungua huishindwa. Ile nyeupe ya pembeni bungua wanaitoboa, na utaona unga laini sakafuni. Ikataliwe, hata muuzaji akisema ikipakwa vanishi haitaonekana. Omba risiti na uone kwamba mbao zimepita kwa vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa mninga unavunwa kupita kiasi na sisi tunaoishi nao tunapaswa kuwa wa kwanza kuuheshimu.

Mama wa Kigoma

Dada yangu, wote waliotangulia wamesema vizuri, lakini hakuna aliyeuliza nani atakayesonga ugali.

Vipimo vya makabati vinavyotoka kwenye picha vinaweka kaunta kwenye sentimita 90. Urefu huo unafaa kukata mboga. Sasa weka juu yake jiko la gesi la mezani lenye kimo cha sentimita 10, kisha sufuria ya ugali wa watu saba yenye kimo cha sentimita 20. Mdomo wa sufuria unafika mita 1.2. Mwanamke wa kimo cha kawaida atasonga mabega yakiwa yameinuka, mwiko ukiwa usawa wa kifua na mvuke ukimpiga usoni, na hana uzito wa kukandamiza. Ndiyo maana unaona nyumba nyingi zenye majiko mazuri ndani, lakini ugali unapikwa uani juu ya jiko la mkaa. Sababu ni kimo cha kaunta, wala si ushamba wa mpishi.

Kwa kuwa unajenga kwa zege, jambo hili ni rahisi. Kipande cha kaunta kitakachobeba jiko la gesi, kama sentimita 80 hivi, kishushwe hadi sentimita 65. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: mdomo wa sufuria usizidi hapo. Kama mama mkwe bado anapenda kupika, mpime na yeye, na umwekee stuli yake ya kukaa anapochambua mboga.

La pili, usiache kujenga jiko la nje. Huku kwetu tunakaanga dagaa na migebuka, na tunapika kwa mawese ambayo yakirukia ukuta mweupe yanauacha na doa la rangi ya chungwa. Ninyi mna kutwanga kisamvu na karanga, na kuchemsha maharage kwa saa nyingi. Kinu kikitwangiwa juu ya vigae, vigae vitapasuka. Banda dogo upande wa magharibi litakufaa, kwa kuwa upepo wa kiangazi kwa kawaida unatoka mashariki na utachukua moshi mbali na vyumba.

Mtungi wa gesi usiufungie kabatini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inakaa chini na kujikusanya. Uweke nje ya ukuta, umesimama, ndani ya kizimba chenye matundu ya chini, na mpira upite kwenye tundu lililowekewa bomba. Ukiunga, paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimepima kiwiko changu ni sentimita 101, na mama ni 96, kwa hiyo nimekubali 65. Mume wangu amekubali dirisha la kupitishia chakula. Lililobaki ni umeme, na nini kinunuliwe kwanza.

Fundi umeme

Dada, vyombo vinaweza kusubiri, waya hauwezi. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9 kwenye umeme wetu wa volti 230, na oveni ndogo ya wati 1,500 inaongeza ampea 6.5. Vyote viwili kwenye kebo moja ya kuongezea vinazidi soketi ya ampea 13, na hapo ndipo plagi zinapoyeyuka. Dai soketi pacha tatu juu ya kaunta, zisizo karibu na bomba la sinki, na friji iwe na soketi yake yenye kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka. Halafu laza waya wa milimita za mraba 6 hadi mahali pa jiko, wenye swichi yake, hata kama leo unatumia gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na jiko la umeme la presha linalopika maharage kwa umeme kidogo wa LUKU linaweza kuingia kwako mapema kuliko unavyodhani. Kupasua vigae baadaye kwa ajili ya waya mmoja ni hasara.

Nunua jiko la gesi kwanza, friji ifuate. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa inashika baridi kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa karibu siku mbili, lakini friza nusu tupu haishiki muda mrefu hivyo. Kwa mashine ya kufulia, wekeni bomba la maji na la kutolea maji sasa, mashine yenyewe ije mwakani.

Fundi seremala (Tabora)

Mama, niongeze moja. Usilipie milango ya makabati kwa vipimo vya ramani. Subiri vigae vikauke, niite nipime kila uwazi juu, katikati na chini, kwa sababu ukuta wa tofali haunyooki sawasawa kama mstari wa kalamu. Wakati huo mbao zikae ndani ya nyumba yenyewe, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, zizoee hewa ya humo. Mkimwaga sakafu kabla ya mvua, nitapima ukuta ukiwa umetulia.