Klabu ya Sayansi Kimu kidato cha pili: kipi kitangulie?

Msaka Ujuzi
Wakuu, naomba mawazo. Vijana 24, wasichana kwa wavulana, masaa mawili kila Jumamosi. Majiko ya mkaa yapo sita, cherehani hakuna. Lengo ni waweze kujitegemea, na wajiamini kidogo. Nianzie wapi?

Mama Sufuria
Jiko moja watu wanne, imetosha kabisa. Majiko yakae nje, moshi wa mkaa ndani ya chumba unaua. Na usipike wewe wao wakitazama. Klabu nyingi hufia hapo. Mmoja moto, mmoja kuchambua na kukata, mmoja chungu, mmoja hesabu na vyombo, wiki ijayo wabadilishane. Wa hesabu aandike bei ya kila kitu kisha agawe kwa sahani. Mkaa ndio husahaulika.

Anza na maharage. Yalowekwe Ijumaa usiku, masaa 8 hadi 12, maji yale yamwagwe. Dakika 10 za mwanzo yatokote kwa nguvu: maharage mekundu yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Nyanya zisubiri yaive, uchachu hufanya maharage yachelewe kulainika.

Mla Mchicha
Mezani wakamulie ndimu. Chuma cha maharage na mchicha hufyonzwa vizuri zaidi hivyo, ila chai ya papo hapo hukizuia. Isogezwe saa moja mbele. Wasichana wanaopata hedhi ndio hasa wa kuambiwa hili.

Msaka Ujuzi
Na siku mkaa ukikosekana?

Fundi Sindano
Kifungo, mkuu. Laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona ukiipitia njiti mara nne kila jozi ya matundu. Chomoa njiti, vuta kifungo juu, zungushia uzi mara tatu kati yake na nguo, ndipo ufunge. Bila hicho kishingo shati hukunjamana likifungwa, na siku kifungo kikitoka kinaondoka na kitambaa.

Baadaye pedi za kufua. Zisuuzwe kwa maji baridi kwanza, ya moto hugandisha doa, kisha zianikwe juani, si uvunguni. Wavulana nao washone. Mzaha hupungua sindano ikiwa mkononi.

Mama Sufuria
Siku hiyo hiyo wapime maji ya mgonjwa wa kuharisha: lita 1 ya maji safi na salama, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Kijiko kisawazishwe kwa kisu. Watoto hurundika chumvi, na ikizidi ni hatari.