Modemu ya laini: IP ya kudumu, DDNS au VPN? Naomba ushauri, chumba cha baridi Wete

Ngisi_wa_Wete
Assalamu alaykum wanajamvi. Nina chumba cha baridi cha samaki Wete, mwenyewe nakaa Mwanakwerekwe. Kule nimefunga DVR (kisanduku cha kurekodi picha) ya kamera nne na kidude cha kupima joto, vyote kwenye ruta ya laini ya simu. Nataka nikiwa Unguja nifungue simu nione. Niliichukua ile IP, yaani anwani ya ruta kwenye intaneti, nikaiandika, haikufungua kitu. Kijana wangu akaizima ruta akaiwasha, ikaja IP nyingine kabisa. Wengine wananambia ninunue IP ya kudumu, wengine DDNS (jina linaloifuata IP ikibadilika), wengine VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti). Ipi haitonitia hasara? Kila nikikosea ni nauli ya boti.

Fundi_Darajani
Waalaykum salaam sheikh. Kabla ya kuuliza kama inabadilika, uliza kwanza kama ni yako. Mwambie kijana afungue ukurasa wa ruta, asome IP iliyopewa laini. Halafu kwa simu iliyoshika Wi-Fi ya ruta hiyo hiyo, afungue tovuti yoyote inayoonyesha IP. Zinafanana?

Ngisi_wa_Wete
Hazifanani. Ruta inasema 100.81 na kuendelea, tovuti inasema 41 na kuendelea.

Fundi_Darajani
Basi umo ndani ya NAT ya mtandao wa simu, yaani wateja wengi wanatoka nje kwa IP moja. Namba zote kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo. IP za zamani, IPv4, jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho yaligawiwa kanda za dunia Februari 2011. Kwa hiyo mitandao ya simu inawarundika wateja chungu nzima kwenye IP moja. Kutoka unatoka vizuri. Anayetaka kuingia ndiye hana njia.

Mwani_Paje
Mbona mie DDNS naitumia mwaka wa pili na kamera naziona? Bure kabisa.

Fundi_Darajani
Dada, yako ni ya waya au ya laini?

Mwani_Paje
Ya waya.

Fundi_Darajani
Ndiyo hivyo. Yako inabadilika lakini ni ya wazi, inafikika kutoka nje, DDNS inaifuata kila inakohamia. Ya huyu bwana, DDNS itaishia kwenye ile 41 ya watu wote. Sawa na kuandika "Michenzani" juu ya bahasha bila namba ya jumba wala ya mlango.

Pampu_Kizimkazi
Mie nalipia IP ya kudumu kwa pampu ya maji, na inafanya kazi. Lakini nieleze nilivyopotea. Nilipoambiwa "tayari", nikaingia kwenye ruta nikabadilisha ile 192.168.1.1, nikajifungia nje mwenyewe. Ile ni anwani ya ndani ya nyumba, haihusiani. Kwenye laini za simu huandiki IP popote. Mtandao unaifungamanisha na laini yako, wewe unaandika APN (jina la lango la mtandao wa simu) uliyopewa tu, na kila modemu inapojiunga inapewa ile ile. Ukiihamishia laini kwenye modemu nyingine, IP inakwenda nayo.

La pili, uliza kwa maandishi: ni ya kudumu *na ya wazi*? Kuna ya kudumu inayoanza na 10, ya ndani ya mtandao. Haibadiliki milele na bado huingii kutoka nje. Hiyo inawafaa wenye APN yao binafsi, vituo vingi vikizungumza na ofisi moja.

La tatu ndilo lililoniuma. Siku ya kwanza tu wageni walianza kubisha hodi, roboti zinazopekua IP zote duniani, na kila hodi inakula bando. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR kwa malaki kwa sababu tu wenyewe waliacha nywila za kiwandani. Sasa nimefunga ruta ipokee kutoka ofisini kwangu peke yake.

Mwani_Paje
Na ile programu ya DVR ya kuskani msimbo jee?

Maalim_Chake
Inafanya kazi, kwa kuwa DVR yenyewe ndiyo inayopiga simu kwa seva ya kiwanda. Ila picha zako zinapitia kwao, na kidude cha joto hakimo.

Ngisi, mie ningefanya hivyo hivyo kwa seva yangu. Kodi seva ndogo (kompyuta iliyo hewani muda wote) yenye IP ya kudumu na ya wazi, weka WireGuard, programu ya VPN, ruta ya Wete iipigie, na simu yako iipigie. IP ya Wete ibadilike mara kumi kwa siku, haidhuru, kwani hakuna anayeitafuta. Sharti moja: ruta itume salamu kila sekunde 25, la sivyo NAT ikiona kimya inaufunga mlango. Salamu hizo hazifiki megabaiti 20 kwa mwezi. Kinachokula bando ni picha: kamera moja ya kilobiti 512 kwa sekunde inamaliza megabaiti 230 kwa saa. Tazama kisha funga.

Pampu_Kizimkazi
Kodi ya seva nayo ni ya kila mwezi, maalim. Na hakikisha ruta inaikubali WireGuard, yangu ya kwanza haikuwa nayo.

Ngisi_wa_Wete
Nimerudi, ahsanteni sana. Ruta nimebadilisha kweli, ya zamani ilikataa. Nimefuata ya maalim. Jana umeme ulikatika kule saa 9 alasiri, uliporudi ruta ikaja na 100.97, na kabla sijampigia mtu picha ilikuwa imesharudi, joto nyuzi 3. Kamera ya pili ikanionyesha kijana wangu kalala juu ya makasha ya pweza.

Mwani_Paje
Mwache apumzike, ndiye aliyekusomea IP.