Tupeane uzoefu: mzazi anapoanza kusahau

Wakuu, nimeangalia filamu ya Kifaransa, Floride, ya mwaka 2015. Philippe Le Guay aliitoa kwenye tamthilia ya Florian Zeller, Le Père. Jean Rochefort ni mzee Claude wa Annecy, aliyekuwa na kiwanda cha karatasi. Kashikilia kwenda Florida kwa binti yake Alice. Alice alishafariki, na mzigo wote uko kwa binti mwingine, Carole. Zeller mwenyewe aliigeuza tamthilia kuwa filamu ya Kiingereza mwaka 2020, Anthony Hopkins akapata Oscar, lakini hii ya Rochefort imeniingia zaidi: mzee bado mtanashati, mcheshi, mjeuri, na anajua pa kukuchoma. Baba yangu mtupu. Kila jioni anamuulizia marehemu kaka yangu. Wenye wazazi wa namna hii, mnajibu nini?

— Pole mkuu. Kwetu kaka mkubwa anakazana kumwambia mama ukweli: baba alifariki, tukamzika. Mama analia kama msiba umeingia leo, kesho anauliza tena. Mimi namuuliza, "Baba alipenda chai ya namna gani?" Basi atasimulia tangawizi na kikombe cha bati mpaka usingizi umchukue.

— Mie wa Mombasa siwezi kumwongopea mzazi. Babu akimuulizia nduguye nasema, "Njoo tumuombee." Twasoma Fatiha pamoja. Huyo asiyejua jina langu aisoma yote, hakosei hata neno.

— Kwetu tatizo ni wizi. Kwenye tamthilia mzee anamshuku msaidizi kamwibia saa. Bibi yetu ni hela anazofunga kwenye pindo la khanga. Wadada wa kazi waliondoka wakilia. Huyu wa sasa tulimweleza kabla hajaanza, na bibi akisema kaibiwa hajitetei, anasema, "Twende tukatafute, bibi." Wanakunjua khanga moja moja.

— Mpelekeni hospitali kwanza jamani, msiseme uzee tu. Maambukizi ya mkojo, tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12, hata dawa anazomeza, vyote vinaweza kumchanganya mzee, na vinatibika.

Asanteni sana. Kipimo nitakifuatilia wiki hii, na hilo la chai naanza nalo leo. Sasa anayeamka usiku wa manane, kavaa viatu, anataka kwenda kazini: mlango mnaufungaje asijione mfungwa?