Naomba ushauri: mtoto ameingiwa na hofu baada ya kisa cha Ibrahimu na Isaka

MamaWawili: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina watoto wa miaka sita na tisa. Jioni tukishakula huwa tunasoma Biblia kidogo, kisha tunasali. Wiki hii tulifika Mwanzo 22, pale Mungu anapomwambia Ibrahimu amtoe mwanawe Isaka sadaka, naye anamfunga na kushika kisu. Mdogo akaniuliza, "Na baba akiambiwa na Mungu, atanifunga?" Nikamkumbatia, nikamwambia hapana, lakini tangu hapo hataki taa izimwe. Baba yao anasema Agano la Kale tuliache mpaka wakue. Mimi roho inaniuma, sitaki wakose visa vile. Nyie mnafanyaje?

MwalimuWaJumapili: Amina mama. Mrudie naye kisa hicho hicho, ila mchana, na mfike mwisho. Watoto wengi wanabaki na kile kisu. Kondoo aliyenaswa kichakani, aliyetolewa badala ya Isaka, hawamsikii kabisa. Mwambie ni Mungu aliyeuzuia mkono wa Ibrahimu. Mataifa ya jirani yaliichomea miungu yao watoto, na Kumbukumbu la Torati 12:31 inasema Mungu anachukia jambo hilo. Baada ya hapo msimulie Samweli, 1 Samweli 3. Mtoto amelala, anaitwa kwa jina lake, anamkimbilia kuhani Eli mara tatu akidhani ndiye anayemwita, kumbe ni Mungu. Kwa umri wake atakipenda. Yule mkubwa mpe Miriamu akimlinda mdogo wake, Musa, kando ya mto.

BabuWaWajukuu: Binti yangu, usiwasomee, wasimulie. Biblia ya Union Version ya 1952 lugha yake tamu sana, ila kwa mtoto wa miaka sita ni nzito. Jisomee kwanza mwenyewe, kisha simulia kwa maneno yako. Mimi nasema "Paukwa!" wanaitikia "Pakawa!" ndipo naanza. Yusufu, Mwanzo 37 mpaka 50, anatuchukua jioni nyingi. Namwacha shimoni alikotupwa na ndugu zake, kesho yake wao ndio wananidai.

MamaTumaini: Mimi nakubaliana na baba watoto kidogo. Waamuzi 19, kile kisa cha ukatili, si ya mtoto hata siku moja. Anza na Injili. Sisi tunakaa kandokando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo Marko 4 wangu wanaielewa bila maelezo: mawimbi yanaingia chomboni na Yesu amelala kwenye shetri, yaani nyuma ya chombo. Na tafadhali tusigeuze kisa kuwa fimbo, eti "usiponitii utamezwa na samaki kama Yona". Mtoto atamkimbia Mungu.

MamaWawili: Asanteni sana, Babu shikamoo. Sasa mkubwa anauliza kwa nini Mungu alimjaribu Ibrahimu hivyo. Nimjibu nini?

MwalimuWaJumapili: Mwambie ukweli, kwamba hata watu wazima bado tunalitafakari. Kisha fungueni pamoja Waebrania 11:19. Pale imeandikwa kuwa Ibrahimu aliamini Mungu aweza kumfufua Isaka hata kutoka kwa wafu. Muulize yeye anaonaje, na umsikilize mpaka amalize.