Mdogo wangu hainuki kitandani, mfumo unasema kaya yetu ina nguvu kazi. Nguvu kazi yenyewe ni mimi niliyeolewa Mikindani!

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za leo. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za siasa. Sina chama hapa, nina hasira tu.

Nimerudi jana usiku kutoka nyumbani, juu huko kwenye Uwanda wa Makonde. Wilaya siitaji, maana mtendaji wetu na yeye anashinda humu. Nilipanda kwa sababu mama alinipigia: dirisha la malipo ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, limefunguliwa, kaenda, kapewa elfu kumi. Ya miezi miwili. Nikamwambia mama hesabu tena. Akanijibu, "Mwanangu, noti yenyewe ni moja, nihesabu nini?"

Mdogo wangu alikuwa kibarua wa kupakia korosho. Msimu wa 2019 akaanguka kutoka juu ya lori la fuso, na gunia likamfuata mgongoni. Hospitali ya Ndanda walimhangaikia sana, Mungu awalipe, lakini kuanzia kiunoni kushuka hakuna kitu. Anaishi na mpira wa mkojo, na vidonda vya kulalia vikipona huku vinaanza kule. Kiti mwendo alipewa na wasamaria, ila nani kati yenu amewahi kusukuma kiti mwendo kwenye mchanga wa kwetu? Kipo chini ya mwembe, kuku anatagia. Kwenda kubadilisha mpira ni bodaboda, kwenda na kurudi elfu kumi, na lazima mtu akae nyuma amshikilie. Kwa hiyo ile noti ya mama inaisha siku hiyohiyo, kabla hata ya bandeji na dawa ya vidonda.

Mama ana miaka 67. Ndiye anayemgeuza, ndiye anayemwogesha. Maji mnayajua ya kule yalivyo.

Basi asubuhi yake nikaenda ofisini kuuliza hiyo elfu kumi inapatikanaje. Na hapa niwe mkweli, kijana niliyemkuta alinieleza vizuri kuliko wote waliomtangulia, kwa sababu miaka yote jibu lilikuwa moja: "Bibi, ndivyo ilivyokuja kutoka juu." Huyu alichukua karatasi akanichorea.

Iko hivi. Kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, zile tunazoita pesa za TASAF, anayelipwa ni kaya. Mgonjwa wako halipwi yeye kama yeye. Kijiji kinakaa mkutano, kinataja kaya zenye hali duni, wanakuja watu na dodoso kwenye vishikwambi, kompyuta inapiga alama, halafu majina yanarudi kijijini kuhakikiwa. Ukishaingia, pesa yako inajengwa vipande vipande: kuna kipande cha watoto, kuna cha masharti ya shule na kliniki, kuna cha ulemavu, elfu tano kwa mwezi. Na kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi inapata ruzuku ya moja kwa moja, elfu kumi na mbili kwa mwezi. Kaya yenye mtu wa kufanya kazi haipewi hiyo, inapelekwa kwenye ajira za muda, zile za kuchimba malambo na kufyeka barabara, elfu tatu kwa siku, siku 60 kwa mwaka.

Kwetu hakuna mtoto. Kwa hiyo tunapata kipande cha ulemavu peke yake. 5,000 mara mbili.

Nikamuuliza, na ile elfu kumi na mbili? Kikongwe na mtu aliyepooza, hapo nguvu kazi iko wapi? Akafungua daftari, akaweka kidole. "Kuna mwanamke hapa, umri wa kufanya kazi, hana ulemavu." Akasoma jina.

Jina langu.

Jamani, mimi nimeolewa. Nipo Mikindani na mume na watoto wawili, nabangua korosho za watu. Nimekaa pale kama nimemwagiwa maji, ndipo nikakumbuka. Vishikwambi vilipita 2021, siku za arobaini ya baba. Nyumba ilikuwa imejaa. Mwandikishaji, binti mdogo tu, kajifunga kitenge chake vizuri, akauliza nani wanaishi hapa, na mjomba mmoja mwenye kiherehere akataja kila aliyekuwa amelala pale. Nadhani wengine waliondolewa baadaye kwenye uhakiki. Mimi nikabaki. Miaka yote hii nimekuwa "nguvu kazi" ya nyumba nisiyolala, na kwa ajili yangu mama anakatwa elfu kumi na mbili kila mwezi. Pigeni wenyewe, ni 144,000 kwa mwaka.

Nikadhani hapo ndipo ataona aibu. Wapi! Akaniambia, tena kwa upole, "Dada, mbona ajira za muda zinalipa zaidi? Siku 60 kwa elfu tatu ni 180,000." Hesabu yake haina kosa hata kidogo. Tatizo ni kwamba siku hizo 60 mama hajafanya hata moja, na asiyeshika jembe halipwi. Nani abaki na mgonjwa? Mwaka juzi msimamizi mmoja aliwahi kumwambia mama amtume mtu amfanyie. Amtume nani, yule kuku?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Hiyo elfu tano haiulizi ulemavu ni wa kiasi gani. Anayechechemea akaenda shambani na anayelishwa kwa kijiko, wote tano. Nalijua hilo kwa sababu nyumbani kwetu kuna mfano wa pili. Shemeji yangu alikatwa vidole viwili na mashine kiwandani. Yeye mwajiri alikuwa amemchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Daktari akapima ulemavu ni asilimia ngapi, mshahara ukaingia kwenye hesabu, na kwa kuwa haikuzidi asilimia 30 akalipwa kwa mkupuo. Ingezidi 30 angekuwa anakula pensheni ya kila mwezi. Simwonei wivu, vidole ni vidole. Lakini mdogo wangu naye aliumia kazini! Ila yeye alikuwa kibarua wa kuokotwa asubuhi, bila karatasi, bila jina popote, na mwenye mzigo alituachia elfu hamsini akazima simu. Ajali ileile ya kazini, mmoja anapimwa kwa asilimia na daktari, mwingine anapimwa na nani alilala kwenye matanga.

Na msinikumbushe bati. Dodoso linaangalia nyumba imeezekwa nini. Baba aliezeka bati mwaka 2017, ule msimu kilo ya korosho ilifika elfu nne na kila mtu huku akajiona tajiri. Mwaka uliofuata mnakumbuka kilichotokea, minada ikagoma, jeshi likaja kubeba korosho kwa 3,300. Bati likabaki juu, pesa zikaisha chini. Mpaka leo mjumbe mmoja wa kamati kila akipita anamwambia mama, "Nyie bora mna bati." Bati halimgeuzi mtu kitandani, njomba.

Sasa kuniondoa mimi kwenye kaya. Mngetegemea ni kufuta mstari mmoja. Nimeambiwa nilete barua ya mtaa ninakoishi, kitambulisho cha taifa, halafu barua ya mtendaji wa kijiji, halafu fomu ya mabadiliko ipite kwenye kamati ya jamii, ipande wilayani, na isubiri taarifa zihuishwe. Lini? "Ikifika muda wake." Kuingizwa nilitajwa na mjomba kwa mdomo dakika moja.

NYONGEZA (saa tatu usiku): Naona majibu yamekuwa mengi, nijibu machache.

Aliyesema mdogo wangu akachukue mkopo wa ile asilimia mbili ya mapato ya halmashauri: najua ipo, asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, na ilisimama 2023 ikarudi. Lakini huo ni mkopo, ndugu yangu. Unarudishwa. Mtu aliyelala chali afanye biashara gani ya kurudisha, auze vidonda?

Aliyesema "shukuruni hata hicho kidogo": mama yangu anashukuru, tena anamwombea dua kila anayemkabidhi ile noti. Anayelalamika ni mimi, mwacheni yeye.

Aliyeuliza kwa nini wasilipe kwa umri au kwa hali ya mtu bila dodoso: Zanzibar pensheni jamii inatolewa kwa kila aliyefika miaka 70, walianza na 20,000 mwaka 2016, ikaja kupandishwa hadi 50,000. Hakuna anayepanda juu kuangalia bati. Kwa hiyo inawezekana.

Na wewe uliyeniita mwongo ukasema kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji ingekuwa imeshalisemea: sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inazitaja hizo kamati, kweli. Nimemuuliza mwenyekiti wa kijiji chetu nani ni mjumbe. Akacheka, akaniuliza kama nataka niwe mimi.

Ninachotaka humu ni mtu mmoja tu. Awe Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa, Nachingwea, popote, ambaye kaya yao ilikuwa upande wa ajira za muda ikahamishiwa ruzuku ya moja kwa moja. Ulianzia ofisi gani, kijijini au moja kwa moja wilayani? Afisa ustawi wa jamii alisaidia au alikuzungusha? Cheti cha daktari kilitakiwa? Na ile tofauti ya miezi ya nyuma walilipa, au ndiyo imekwenda? Barua ya mtaa ninayo tayari mkononi, imegongwa muhuri leo. Ijumaa napanda tena.